Sifa za Uzi na Jiwe

Fundi mwashi akishapanda kozi kadhaa za tofali, hauamini tena ukuta wake kwa macho. Anachukua timazi, anaiteremsha kutoka juu, kisha anasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo penye ufundi. Kile chuma huyumba, huzunguka, hutetemeka, halafu pole pole hutulia, na fundi anayeijua kazi hagusi tofali hata moja kabla hakijatulia. Siku ya upepo hukitumbukiza ndani ya ndoo ya maji ili maji yameze mtikisiko. Asiye na timazi ya dukani hufunga jiwe kwenye uzi wa nailoni, na jiwe hilo humwambia ukweli uleule.

Nimefundisha fizikia muda mrefu, na kama ningeambiwa nibaki na chombo kimoja tu cha maabara, ningechagua hicho: uzi na jiwe. Wanafunzi huingia darasani na hofu waliyorithishwa na kaka na dada zao, kwamba fizikia ni somo la fomula. Muhtasari wa somo nao unawatisha kwa urefu. Unaanza na kani, unapita kwenye mwendo, nishati, joto, mwanga na umeme, na huko mwishoni unawafikisha kwenye nyota na ulimwengu mzima. Ninachotaka kusema ni kwamba njia yote hiyo ilifyekwa na watu waliojua kupima. Kupima ni kazi ya mkono kama ulivyo uashi, ina adabu zake, na mwanafunzi asiyeonjeshwa kazi hiyo hajafundishwa fizikia hata akizikariri sheria zote tatu za Newton bila kukosea neno.

Tuanze na jiwe lililotulia. Muulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza ni kani ngapi zinazolishughulikia jiwe linaloning'inia bila kusogea. Wengi watajibu kwamba hakuna, kwa kuwa halisogei. Usibishane naye. Mpe wembe akate uzi. Jiwe likishadunda sakafuni, muulize tena: kilicholivuta kimeanza kulivuta sasa hivi, au kilikuwapo tangu mwanzo? Nimeona nyuso zikibadilika zaidi kwa swali hilo kuliko kwa saa nzima ya maelezo ubaoni. Dunia ilikuwa ikilivuta jiwe muda wote, na uzi ulikuwa ukilivuta kwenda juu kwa kani iliyo sawa kabisa. Jiwe la kilo moja huvutwa kwa karibu nyutoni 9.8, na uzi ulioweza kulishika ulikuwa ukizirudisha nyutoni hizo zote 9.8, kimya, bila mtu kuushukuru. Akilielewa hilo, ameelewa kwa nini dari haijamwangukia, kwa nini daraja linasimama, na kwa nini kitabu kilicho mezani hakizami ndani ya mbao. Vitu vilivyotulia vimejaa kani zinazokabana.

Kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye jambo ambalo wengi hulibeba kimakosa maisha yao yote, tofauti ya tungamo na uzito. Mizani ya sokoni yenye sinia mbili, ile ya kupimia nyama kwa mawe, hulinganisha kitu na kitu. Ukiipeleka mwezini, kilo ya nyama itaendelea kulingana na jiwe la kilo, kwa sababu zote mbili zimepungukiwa mvuto kwa kiasi kilekile. Mizani ya springi haiko hivyo. Yenyewe hupima mvuto, na mwezini ingesoma sehemu moja ya sita tu. Mchuuzi mwenye mizani ya mawe anapima tungamo, mwenye springi anapima uzito, na wote wawili wanasema kilo. Hili huwa silikimbilii ubaoni. Nawatuma kwanza wakaitazame mizani inavyofanya kazi.

Sasa lisukume jiwe kidogo pembeni, uliachie.

Hapa ndipo adabu za upimaji zinapoanza kudai heshima yake, na ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu. Uzi usiwe wa kunyumbuka. Juu usifungwe kwenye msumari kwa fundo kubwa, kwa sababu uzi utabembea kuanzia mahali pasipojulikana. Ubanwe kati ya vipande viwili vya ubao, ili sehemu ya kuning'inia iwe nukta moja. Urefu upimwe kutoka kwenye nukta hiyo hadi katikati ya jiwe, siyo hadi kwenye fundo la jiwe, na ndiyo maana nati ya mviringo au gololi ni bora kuliko kokoto. Pembe ya kuachia iwe ndogo, nyuzi kumi au chini yake. Usihesabu bembeo moja. Hesabu ishirini, kwa kuwa kidole cha mwanadamu hukawia kubonyeza saa kwa sehemu ya sekunde, na kukawia huko kukigawanywa kwa ishirini kunakuwa kudogo kiasi cha kuvumilika. Anza kuhesabu jiwe linapopita chini kabisa, pale mwendo wake ulipo mkali, kwa sababu huko juu linakogeukia hujiburuta na jicho haliwezi kuamua ni lini hasa limegeuka. Na unapoanza, tamka sifuri. Anayeanza na moja hupata bembeo kumi na tisa akadhani ni ishirini, na grafu yake yote huenda kombo.

Mtu wa nje ataona haya ni madogo. Mimi nasema humu ndimo fizikia inamokaa. Kila kanuni katika orodha hiyo ni jibu la swali moja, nalo ni hili: nitajidanganya wapi? Fundi mwenye timazi anajua macho yake yatamdanganya kuhusu ukuta, mpimaji anajua kidole chake kitamdanganya kuhusu sekunde, na wote wawili wamejitafutia njia ya kujizuia. Sijui somo jingine linalomfundisha kijana wa miaka kumi na sita kujitilia shaka kwa utaratibu mzuri namna hii, bila kumvunja moyo.

Mwanafunzi akifuata adabu hizo atakuta uzi wa mita moja unakwenda na kurudi kwa sekunde mbili, na wa sentimita ishirini na tano kwa sekunde moja. Robo ya urefu, nusu ya muda. Akichora muda kipeo cha pili dhidi ya urefu, nukta zake zitajipanga kwenye mstari mnyoofu, na mteremko wa mstari huo utampa mchapuko wa mvutano wa dunia. Yuko darasani, ana uzi na nati, ameipima dunia inavyovuta. Galileo aliandika kuhusu mwendo wa jiwe linalobembea katika barua ya mwaka 1602, Christiaan Huygens akatengeneza saa ya pendulamu mwaka 1656 na kuchapisha hesabu kamili mwaka 1673. Ilichukua miaka sabini kuvuka kutoka kuona hadi kueleza. Mwanafunzi anapewa vipindi viwili, na anaweza.

Halafu mwambie abadilishe jiwe. Aweke zito mara mbili, mara tatu. Muda haubadiliki. Wanafunzi hurudia kipimo hiki zaidi ya vyote kwa sababu hawakiamini, nami huwaacha warudie. Newton mwenyewe hakukiamini kirahisi. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687 anaeleza jinsi alivyotundika visanduku viwili vya mbao kwenye nyuzi za urefu sawa, akavijaza kwa zamu dhahabu, fedha, risasi, kioo, mchanga, chumvi, mbao, maji na ngano, akavitazama vikibembea bega kwa bega. Havikuachana. Napenda sana kwamba kwenye orodha ile mna chumvi na ngano. Mtu aliyekuwa akitafuta sheria ya mbingu aliona ni lazima aiulize na ngano pia, isije ikawa inavutwa kwa namna yake.

Maana ya jambo hilo ni nzito. Kila kitu kina ukaidi wake wa kusukumwa, na kila kitu kina kiasi chake cha kuvutwa na dunia, na hakuna sababu iliyo wazi ya mambo hayo mawili kulingana. Lakini yanalingana kila mara, na ndiyo maana jiwe zito halianguki kwa kasi zaidi kuliko jepesi. Einstein alikikalia kitendawili hicho miaka minane, kuanzia mwaka 1907 hadi 1915, akatoka na nadharia mpya ya mvutano. Ufaransa ilirusha setilaiti mwaka 2016 kupima swali lilelile la Newton kwa vipande vya titani na platini, na majibu yaliyotolewa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba hata kwa usahihi wa sehemu moja katika trilioni elfu moja, vipande hivyo huanguka pamoja.

Kuna jambo jingine la pendulamu linalotuhusu sisi tunaoishi karibu na ikweta. Mwaka 1672 mwanaastronomia Jean Richer alitumwa kutoka Paris kwenda Cayenne, nyuzi 5 hivi kaskazini mwa ikweta. Alibeba saa nzuri ya pendulamu iliyorekebishwa Paris. Ilipofika kule ikaanza kuchelewa, karibu dakika mbili na nusu kila siku, na ili iende sawa ilibidi aufupishe ufito wake kwa karibu milimita 3. Mtu mzembe angesema saa imeharibika safarini. Richer alipima tena na tena kwa miezi mingi, akaandika. Newton aliposoma maandishi hayo aliona yanaunga mkono hesabu zake kwamba dunia inayozunguka lazima iwe imefura kiunoni. Leo tunajua kwamba kutoka kitovu cha dunia hadi ikweta ni kilomita 6,378, na hadi ncha ni 6,357. Huku kwetu tuko mbali zaidi na kitovu, na mzunguko wa dunia nao unatupunguzia uzito kidogo, kwa hiyo mvutano ni nyutoni 9.78 kwa kilo badala ya 9.83 za kwenye ncha.

Ndiyo maana inaniuma ninapomwona mwanafunzi wa Kisumu au Bukoba amepata 9.78, kisha akafuta na kuandika 9.8, kwa kuwa kitabu kimesema hivyo, au akaandika 10 kwa kuwa ni rahisi kuzidishia. Kipimo chake kilikuwa kweli zaidi ya kitabu. Alikuwa ameishika dunia ikiwa imefura, akaiachia. Na kwa kuwa bado tuko kwenye ikweta, mwanafizikia Foucault alipotundika mpira wa kilo 28 kwenye waya wa mita 67 ndani ya Panthéon jijini Paris mwaka 1851, watu waliona uelekeo wa bembeo ukigeuka saa kwa saa, ukimaliza duara kwa saa 32 hivi, na wakajua dunia inageuka chini ya miguu yao. Pendulamu hiyohiyo ikitundikwa Nanyuki, kwenye mstari wa ikweta, haitageuka kabisa. Mwalimu wa huko ana jibu ambalo Paris haiwezi kulionyesha.

Wanafunzi wana jina la kufuta kipimo ukaweka kinachotarajiwa: kupika data. Msimu wa mitihani ya vitendo ukikaribia, data hupikwa usiku na mchana. Anayejua mstari unapaswa kuwa mnyoofu huchora mstari kwanza, kisha huzitafutia nukta mahali pa kukaa. Siwalaumu watoto peke yao. Darasa la wanafunzi wengi kupita kiasi, saa moja ya kupimia, mtihani unaotoa alama kwa jibu linalofanana na la msahihishaji, vyote hivyo huwafundisha kwamba dunia ikikataa kukubaliana na kitabu, dunia ndiyo iliyokosea. Lakini ufundi huu ukishaingiliwa na upishi, hakuna kinachobaki. Ukuta uliosawazishwa kwa timazi ya kupika utaanguka, na mtu atakuwa amelala ndani.

Kwa hiyo kila mwaka nawasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika, ambako wanafunzi walipenda kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi kwenye friji zilikuwa zinakwisha, Mpemba akaona bora kutia yake ikiwa ya moto bado. Baada ya saa moja na nusu yake ilikuwa imeganda, na ya mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa ilikuwa uji mzito tu. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Hata hivyo aliendelea kupima. Mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipokuja shuleni kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama mbele ya wenzake waliomcheka na kumuuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya yale ya nyuzi 35.

Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Sehemu hiyo ya kisa ndiyo ninayowasomea wanafunzi mara mbili, kwa sababu fundi yule alikuwa mtu mwaminifu, na bado alikuwa karibu kabisa kupika. Mpemba na Osborne walichapisha pamoja makala yao mwaka 1969. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kuhusu hali hiyo. Wengine huiona, wengine hawaioni, na inaelekea chombo, ujazo, na hata mahali kipimajoto kilipowekwa hubadilisha jibu. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba chochote. Alichokifanya ni kukataa kufuta alichokiona, na akadumu hivyo kwa miaka huku akichekwa.

Turudi kwenye timazi iliyotulia, kwa maana bado hatujamaliza nayo. Tumesema inaelekea chini. Lakini kama kila kitu kinavuta kila kitu, kama alivyosema Newton, basi mlima nao unavuta. Timazi iliyotundikwa chini ya Kilimanjaro lazima iegemee mlimani, kwa pembe ndogo sana ambayo hakuna mwashi atakayeiona. Mwaka 1774 mwanaastronomia Nevil Maskelyne alikwenda kukaa miezi kadhaa kwenye mlima Schiehallion, Uskoti, kupima jambo hilo hilo. Alichagua mlima huo kwa umbo lake la kupimika. Alilinganisha uelekeo wa timazi na nyota, kwanza upande wa kusini, kisha upande wa kaskazini, kwenye mvua na ukungu wa kule. Akapata kwamba timazi ilivutwa na mlima pande zote mbili, na jumla ya mkengeuko ilikuwa sekunde 12 hivi za nyuzi, wakati nyuzi moja ina sekunde 3,600. Mwanahisabati Charles Hutton akapiga hesabu ya ukubwa wa mlima wote, na kwa kulinganisha mvuto wa mlima na mvuto wa dunia akafikia kwamba dunia ina densiti mara nne na nusu hivi ya maji. Maana yake ndani kabisa mna kitu kizito kuliko miamba tunayoikanyaga. Walilitambua hilo bila kuchimba shimo.

Mwanasayansi Henry Cavendish akaiweka kazi hiyo ndani ya chumba. Mwaka 1798, London, alitundika ufito wa mbao kwa waya mwembamba, kila ncha ikiwa na mpira mdogo wa risasi, akasogeza karibu yake mipira mikubwa ya risasi ya kilo 158 kila mmoja. Kani aliyokuwa akiitafuta ilikuwa sawa na uzito wa chembe ndogo ya mchanga. Joto la mwili wa mtu lingetosha kusukuma hewa na kuharibu kila kitu, kwa hiyo alikifunga chumba, akakaa nje, akautazama ufito kwa darubini kupitia tundu ukutani. Alipata densiti ya dunia kuwa mara 5.48 ya maji. Vyombo vya leo vinatoa 5.51. Nikitafakari kwamba tofauti ni ndogo kiasi hicho baada ya zaidi ya miaka mia mbili, nakosa la kusema isipokuwa heshima kwa mtu aliyejua kwamba yeye mwenyewe, kwa kusimama tu karibu, ni kosa, akajitoa chumbani.

Sasa mfikirie mtoto anayezungusha kombeo. Jiwe linazunguka, uzi umekaza, na akiuachia, jiwe linakwenda mbele moja kwa moja. Mwezi nao ungekwenda moja kwa moja kama hakuna cha kuushika. Newton aliuliza kama kinachoushika ni kilekile kinachoangusha embe. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko sisi. Kama mvuto hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, pale juu unapaswa kuwa sehemu moja ya 3,600. Embe hapa chini huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Gawanya kwa 3,600, unapata milimita 1.4. Sasa chukua umbali wa mwezi na siku 27.3 za mzunguko wake, upige hesabu kila sekunde unapindishwa kiasi gani kutoka njia iliyonyooka. Milimita 1.4. Huwa nawaacha wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe hadi mwisho, hata kama kengele imelia, kwa kuwa hapo ndipo mbingu na ardhi zilipounganishwa, na haifai mtu asimuliwe tu jambo analoweza kulifanya kwa kalamu yake.

Kuanzia hapo kamba haihitajiki tena, ila hesabu ni ileile. Dunia hupindishwa na jua milimita 3 kila sekunde, na kutokana na milimita hizo tunajua jua lina tungamo mara 333,000 ya dunia. Sayari ya Uranus ilipoonekana kuyumba njiani, Urbain Le Verrier alikokotoa mahali ambapo lazima pana kitu kinachoivuta, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle wa Berlin aligeuza darubini na kuikuta Neptune chini ya digrii moja kutoka mahali pale.

Kupima umbali wa nyota kulihitaji mkono mwingine. Henrietta Leavitt, kwenye kituo cha uangalizi wa nyota cha Harvard, alikuwa akichunguza sahani za kioo zilizopigwa picha za anga, nukta kwa nukta, akitafuta nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpigo. Mwaka 1912, akitumia nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, alionyesha kwamba nyota yenye mpigo wa taratibu ndiyo yenye mwanga mkubwa. Ukijua mpigo unajua mwanga wake halisi, na ukilinganisha na unaoufikia macho yako unajua umbali. Wingu hilo linaonekana kwa macho matupu kutoka Mtwara au Mbeya, kusini, miezi ya mwisho wa mwaka, mahali pasipo na taa. Ulaya na huko Harvard halionekani kabisa, na picha alizozitumia Leavitt zilipigwa Peru. Mwaka 1924 mwanaastronomia Edwin Hubble alitumia kanuni ya Leavitt kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, mbali mno nje ya yetu, na mwaka 1929 akachapisha vipimo vinavyoonyesha galaksi zinaachana. Kurudisha nyuma mwendo huo, kwa vipimo vya sasa, kunatufikisha miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Mwanaastronomia Vera Rubin ndiye aliyelirudisha swali kwenye kombeo. Katika mfumo wa jua, sayari ya mbali huenda taratibu: Zebaki kilomita 47 kwa sekunde, dunia 30, Neptune 5 na kidogo. Rubin na Kent Ford walipopima gesi inayong'aa kando ya nyota za Andromeda, wakachapisha mwaka 1970, walitarajia vivyo hivyo, kwamba zilizo pembezoni zitakuwa zimepunguza mwendo. Hazikupunguza. Zilikwenda kwa kasi ileile karibu na za ndani, na kwa kasi hiyo zilipaswa kutoroka galaksi yao kama jiwe lililoachiwa. Kitu fulani kisichotoa mwanga kinazishika. Rubin alipima galaksi nyingine, na nyingine, kwa miaka, na hadithi ikawa moja. Hesabu za leo zinasema maada hiyo ya giza ni mara tano hivi ya maada yote tunayoijua, nyota, vumbi, bahari na miili yetu ikiwemo.

Kuna watu wanaojaribu kuigusa maada hiyo ya giza. Chini ya ardhi karibu kilomita moja na nusu, katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, Marekani, wameweka tangi la tani 10 za zenoni ya kimiminika, wakalizungushia maji kulikinga na mionzi ya kawaida, wakakaa kusubiri chembe moja ya maada ya giza igonge atomu moja ya zenoni. Matokeo waliyoyatoa hadi sasa ni sifuri. Waliyaandika hivyohivyo, pamoja na maelezo marefu ya kila mahali ambapo wangeweza kuwa wamejidanganya, na kwa sifuri hiyo nadharia kadhaa zilizokuwa zikitegemewa zimelazimika kuachwa au kubadilishwa.